Nani Anakula Kodi Yetu?

Katika mkutano wetu wa mwisho, uliofanyika uani kwa ofisi yetu hapa Rohero, jambo moja lilipandisha sauti za watu kuliko mengine yote. Tulikuwa tumekusudia kuzungumza habari ya nauli na ya wanachama waliochelewa kutoa ada. Lakini ndugu mmoja, mwashi wa miaka mingi, akasimama akasema: "Sisi tunakatwa kila mwezi. Hawa waliovuka Rusizi hawakatwi hata faranga moja, kisha watoto wao wanakaa dawati moja na wetu, na wake zao wanazaa bure. Chama kiandike barua, wageni waondolewe kwenye majengo." Wengi walipiga makofi. Wengine walikaa kimya, na katika hao waliokaa kimya tulijua ni nani aliyezaliwa Uvira, na nani ambaye mama yake ni mtu wa Fizi.

Barua hatukuandika. Tuliahidi kueleza hesabu yenyewe katika ukurasa huu, maana tuliona watu wanachanganya mifuko mitatu kuwa mmoja: mfuko wa kodi ya serikali, mfuko wa INSS, na fedha za misaada ya wakimbizi. Mtu akichanganya mifuko hawezi kujua ni mkono wa nani umeingia ndani.

Ndugu mfanyakazi, chukua karatasi yako ya mshahara uitazame. Juu pana mshahara wote, chini pana ule unaoufikisha nyumbani, na katikati pana makato. Watu husema tu "leta inakata", kana kwamba yote yanapita mlango mmoja. Sivyo. Kato la kwanza ni la INSS, shirika la taifa la hifadhi ya wafanyakazi. Liliundwa mwaka 1962, mwaka ule ule wa uhuru, likachukua kazi ya sanduku la pensheni ambalo Wabelgiji walilianzisha mwaka 1956 kwa wafanyakazi wa Kongo na Ruanda-Urundi. Kwa kiwango kilichotumika miaka mingi, mfanyakazi hutoa 4 kwa mia na mwajiri huongeza 6 kwa mia kwa ajili ya pensheni, na mshahara unaohesabiwa haupiti faranga 450,000. Tena mwajiri peke yake hutoa 3 kwa mia kwa ajili ya ajali na magonjwa ya kazi, lakini hiyo huhesabiwa mpaka faranga 80,000 tu. Tuseme unapata 250,000 kwa mwezi. Wewe utatoa 10,000, mwajiri 15,000, na juu yake 2,400 ya ajali. Jumla ni 27,400 zinazopelekwa kila mwezi kwa jina lako.

Tunasema "kwa jina lako" kwa makusudi. Pesa hizi si kodi. Si za barabara wala za askari, wala haziwezi kutumika kumtibu mtu asiyeandikwa. Ni kweli hazikai katika kasha zikikungoja. Zinazotolewa leo huwalipa wazee wa leo, nawe utalipwa na watakaokuwa kazini siku zako. Lakini miezi yako imeandikwa, na hiyo miezi ndiyo haki yako. Kwa kanuni iliyozoeleka, mwenye miezi 180, yaani miaka 15, akifika umri wa miaka 60 hupata pensheni ya kila mwezi. Aliyepungukiwa hupewa malipo ya mara moja tu. Basi mgeni asiyeandikwa INSS hawezi kula pensheni yako hata akitaka. Hana mwezi hata mmoja katika kitabu.

Kato la pili ndilo kodi hasa, ile inayoitwa IPR, nayo hupelekwa OBR, ofisi ya mapato iliyoundwa mwaka 2009. Sheria ya kodi ya mapato ya mwaka 2013 iliweka kwamba mshahara usiozidi 150,000 kwa mwezi haukatwi. Kutoka hapo mpaka 300,000 hukatwa 20 kwa mia ya kile kilichozidi. Na juu ya 300,000, 30 kwa mia. Kwa yule ndugu wa 250,000, ukiondoa kwanza 10,000 za INSS, zinabaki 240,000. Zile 150,000 za mwanzo hazikatwi, na 90,000 zilizobaki zinatoa kodi ya 18,000. Hapo ndipo mwashi wetu ana neno la haki: hizi 18,000 mwenye kibarua cha mkono kwa mkono hazitoi.

Lakini nani hazitoi? Msaidizi wa mwashi, yule tunayemwita yede, anayebeba zege kutwa, hafiki 150,000 katika miezi mingi ya mwaka. Angeandikwa vizuri kabisa, mwenye karangamuntu mkononi, mzaliwa wa Ngozi au wa Gitega, IPR yake ingekuwa sifuri. Sheria yenyewe imemsamehe kwa umaskini wake, si kwa ugeni wake. (Na kwa kuwa tumetaja mishahara midogo, tukumbushane kwamba mshahara wa chini wa kisheria, faranga 160 kwa siku hapa mjini, uliwekwa mwaka 1988 na ukakaa zaidi ya miaka 30 bila kuguswa. Andazi moja haliuzwi bei hiyo.)

Kuna kodi ya tatu isiyoandikwa katika karatasi yoyote ya mshahara, nayo ndiyo wengi wanaisahau. TVA ilianza mwaka 2009, nayo ni 18 kwa mia. Kitu cha dukani kinachouzwa 11,800 ndani yake mna 1,800 za serikali. Ukinunua sabuni, ukinunua saruji, ukiweka pesa za kupigia simu, muuzaji hakuulizi umezaliwa wapi. Mkongomani aliyevuka jana usiku bila karatasi, akinunua sabuni asubuhi, ameanza kulipa kodi ya Burundi kabla hajapata pa kulala. Na mama anayetandaza ndizi chini hulipa tikiti ya soko kila siku. Lile soko kuu letu la hapa Rohero, lililoungua Januari 27, 2013, lilikuwa na wenye vibanda wa kila asili, na ushuru wao ulipokelewa bila mtu kuuliza ukoo wa mlipaji.

Sasa tuje kwa upande wa kupokea. Mwashi wetu alitaja mambo mawili, shule na uzazi, na yote mawili yapo. Ada ya shule ya msingi iliondolewa mwaka 2005. Matibabu ya bure kwa watoto chini ya miaka mitano na kwa akina mama wanaojifungua yalitangazwa Mei 1, 2006, siku yetu wenyewe ya wafanyakazi; wengi wetu tulikuwepo kwenye maandamano tukapiga vigelegele. Hatukusema siku ile kwamba mtoto aulizwe kwanza baba yake amevukia wapi. Fedha za mambo haya hutoka kwa serikali na kwa wafadhili wa nje pamoja, na katika fungu la serikali imo TVA ile ile ya sabuni. Msongamano upo, hatukatai. Lakini madarasa yetu yalijaa mwaka ule ule wa 2005, watoto wa Burundi wenyewe walipofunguliwa mlango, yakawa yanasoma kwa zamu, asubuhi kundi hili na mchana kundi lile. Anayesema dawati limejaa kwa sababu ya Wakongomani amesahau mambo aliyoyaona kwa macho yake.

Na mkimbizi? Huyu yumo katika mfuko mwingine kabisa. Burundi ilijiunga mwaka 1963 na Mapatano ya Geneva ya 1951 juu ya wakimbizi. Tangu mwaka 2008 ina sheria yake ya hifadhi, na ofisi iitwayo ONPRA inayopokea maombi. Kambi ziko mbali na sisi: Kinama ya Muyinga, Musasa ya Ngozi, Bwagiriza na Nyankanda za Ruyigi, Kavumu ya Cankuzo. Chakula na matibabu ya kambini hulipiwa hasa na HCR na PAM, yaani na fedha za mataifa ya nje. Februari 2025 Bukavu ilipotekwa, makumi ya maelfu walivuka, wengine kwa kuogelea Rusizi na watoto mgongoni, wakalala kwenye uwanja wa mpira wa Rugombo kabla ya wengi kupelekwa Musenyi, Rutana. Mwaka huo huo PAM ilipunguza posho kwa kukosa fedha. Aliyeona watu wale hawezi kusema walikuja kufuata INSS. Ila ni kweli kwamba posho ikipungua kambini, vijana hushuka Bujumbura kutafuta kibarua, na wanapofika hapa Rohero asubuhi na matumbo matupu hukubali bei yoyote. Hapo ndipo shida ya kweli ilipo, nasi tutairudia.

Kwanza tuseme neno juu ya huyu "mgeni haramu". Wengi wa wanaoitwa hivyo hawakuvuka kwa wizi. Burundi, Rwanda na Kongo (wakati ule Zaire) ziliunda CEPGL huko Gisenyi mwaka 1976, na kwa miaka watu wa Uvira wamekuja sokoni Bujumbura kwa karatasi ya jumuiya hiyo na kurudi jioni. Mwaka 1978 nchi hizo tatu zilifikia hata kuwekeana mapatano ya hifadhi ya jamii, ili miezi ya kazi ya mtu katika nchi moja ihesabiwe katika nyingine. Vita vya miaka ya 1990 vikaidumaza jumuiya yenyewe. Burundi ikaingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Kongo ikaingia mwaka 2022, ingawa kujiunga si sawa na kila kanuni kuanza kazi siku ile ile. Basi mtu anaweza kuingia kwa halali siku ya Jumatatu, akapata kazi Jumanne, na kwa kukosa kibali cha kazi akawa mwenye kosa Jumatano. Kosa lipo. Lakini si kosa la mwizi wa mpaka, tena ni kosa la watu wawili: aliyeajiriwa na aliyeajiri. Ukaguzi ukija, ni mmoja tu anayepandishwa gari.

Wasomaji wa ukurasa huu mna sababu nyingine ya kuyaangalia maneno haya kwa makini. Mtu wa Buyenzi, ambaye babu yake alijenga Buyenzi, akijibu kwa Kiswahili kwenye kizuizi, mara ngapi ameambiwa, "Wewe ni Mkongomani, toa karatasi"? Barua ya kuondoa wageni ingeandikwa leo, kesho kapita angeanza kuwachagua watu kwa lugha, na wengine waliopiga makofi mkutanoni wangekuwa wa kwanza kusimamishwa pembeni.

Tena sisi Warundi tumekuwa wageni haramu wa watu muda mrefu. Wakati wa Wabelgiji, wazee wetu kwa maelfu na maelfu walikwenda Tanganyika kwenye mashamba ya mkonge, na Uganda kwenye pamba na kahawa ya Wabaganda. Walikimbia nini? Walikimbia kodi ya kichwa, na kazi za lazima, na kiboko. Huko walifanya kazi ambazo wenyeji hawakuzitaka kwa bei ile, wakaambiwa wanaharibu mishahara. Tanzania iliwapa uraia Warundi wapatao 162,000 wa mkimbio wa 1972, vyeti vikianza kutolewa mwaka 2014. Lakini mwaka mmoja kabla ya hapo, katika Operesheni Kimbunga ya 2013, maelfu ya Warundi walifukuzwa Kagera na Kigoma, na wengine wao walikuwa wamelima huko miaka 20 na zaidi. Waliorudi mikono mitupu tuliwapokea hapa, na hakuna aliyesema kwamba walikuwa wamekula kodi ya Tanzania.

Mjadala huu si wa kwetu peke yetu. Huko Marekani husemwa kila wakati wa uchaguzi kwamba wasio na karatasi wanamaliza misaada ya serikali, ingawa sheria ya mwaka 1996 iliwazuia kupata karibu misaada yote ya serikali kuu. Na wataalamu wa hesabu wa mfuko wao wa pensheni walipopiga hesabu, walikadiria kwamba katika mwaka 2010 wafanyakazi wasio na karatasi, pamoja na waajiri wao, waliuongezea mfuko huo dola bilioni 12 zaidi ya kile walichopokea. Wengi hufanya kazi kwa namba isiyo yao, hukatwa, na hawatalipwa kamwe. Kwetu hali ni kinyume, maana hapa asiyeandikwa hakatwi. Lakini kwa namna zote mbili yeye hapati kitu.

Turudi majengoni. Miezi michache kabla ya mkutano ule, jukwaa la miti lilivunjika kwenye jengo moja si mbali na ofisi yetu. Walianguka wawili. Mmoja ni kijana wa Uvira, alivunjika nyonga; wa pili ni kijana wa Ngozi, alivunjika mkono na mbavu. Tulikwenda kuuliza. Kwenye jengo lile walikuwapo watu 14. Walioandikwa INSS walikuwa watatu: kapita, dereva na mlinzi wa stoo. Waliobaki 11, wanne walikuwa Wakongomani na saba Warundi wa mikoani, na hakuna hata mmoja aliyeandikwa. Mwenye jengo aliwalipia wote wawili gari la kuwafikisha hospitalini, akampa kila mmoja faranga kidogo, akasema amekwisha. Kijana wa Ngozi alikuwa na karangamuntu yake mfukoni alipoanguka. Haikumsaidia kitu.

Hesabu ya mwajiri wa namna hii ni nyepesi. Tuseme watu kumi wa mshahara ule wa mfano wetu: kila mmoja angemgharimu 17,400 za INSS kwa mwezi. Asipowaandika, anabaki na 174,000 kila mwezi, miezi 12, na bado ana nafasi ya kupunguza mshahara wenyewe, kwa kuwa asiyeandikwa hana pa kushitaki. Mkongomani anamwogopa askari, Mrundi anaogopa kukosa kibarua cha kesho. Kodi inayopotea hapo ndiyo ile mwashi wetu anayoitafuta. Haikuvuka Rusizi, iko kwa mwenye jengo. Nasi tumekwisha kuyajua mambo haya: mwaka 2012, vyama vya wafanyakazi na mashirika ya raia vilipolalamikia ugumu wa maisha, mojawapo ya madai lilikuwa wakubwa wa siasa nao wakatwe IPR kama karani anavyokatwa. Wakati ule hakuna aliyetafuta kodi iliyopotea katika mfuko wa yede.

Hata hivyo hatumwambii mwashi kwamba hana shida. Wanapokuja watu 50 mlangoni kugombea nafasi tano, bei ya siku inashuka, na hiyo tumeiona kwa macho. Lakini mapatano ya zamani ya Shirika la Kazi la Kimataifa, yale ya 19 ya mwaka 1925, ambayo Burundi imeyaidhinisha, yanasema mfanyakazi wa nchi nyingine iliyoyakubali akiumia kazini alipwe sawa na mwenyeji. Waliotunga jambo hilo hawakuwa na huruma tu. Walijua kwamba mgeni akiwa rahisi kuumizwa ndiye atakayeajiriwa kwanza. Ukimfukuza kijana wa Uvira, kesho ataletwa wa Kirundo kwa bei ile ile na kwa jukwaa lile lile bovu. Bei haipandi kwa kumwondoa mtu. Inapanda siku mwenye jengo anapolazimika kuandika kila aliye juu ya jukwaa.

Kwa hiyo kamati imeandika barua, lakini si ile iliyoombwa. Tumepeleka kwa Ukaguzi wa Kazi habari ya ajali ile, majina ya wote wawili na mashahidi, tukiomba jengo zima likaguliwe na watu wote 11 waandikwe. Tumeambiwa kwamba habari ya kijana wa Uvira itakuwa nzito, kwa kuwa hana kibali cha kazi. Tumejibu kwamba mfupa wake ulivunjika kwenye kazi ile ile. Mpaka tunapoandika haya jibu halijafika. Kijana wa Ngozi amerudi kwao. Yule mwingine bado yuko Buyenzi kwa shangazi yake, anatembelea magongo.

Kuhusu mwashi wetu mwenyewe, alikuja ofisini wiki mbili baada ya mkutano, bado amekunja uso, akataka tumsaidie kutazama hesabu yake INSS, kwa sababu anakaribia miaka 60. Tulikwenda naye. Kwa mwajiri wake mmoja wa zamani alikuwa amefanya kazi miaka saba, na kila mwezi alikatwa zile 4 kwa mia. Katika kitabu tulikuta miezi 31 tu. Mingine yote ilikatwa haikufikishwa. Ili kuidai anatakiwa alete karatasi za mshahara za miaka ile, na mkewe anasema huenda zimo katika sanduku waliloliacha kwa ndugu yake Kamenge. Jumapili hii wanakwenda kulitafuta.